Kukimbia Bila Wimbo

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Wiki haijaanza vizuri, mimi nimeshachoka. Sindano ya cherehani inaruka. Goti la kushoto linauma bila kazi yoyote. Ernestine, mke wangu, ananiangalia kwa jicho lile la miaka ishirini na mbili ya ndoa.

Lakini iko habari! Jana baada ya ibada alisimama Léonidas Niyongabo. Huyu ni Mrundi, muuza maharage, kapiteni wa klabu yetu ya kukimbia, mtu asiyekosea. Simpendi. Akatangaza kwamba klabu imealikwa Lilongwe, mbio za kilomita kumi pale City Centre, Jumamosi tarehe 29. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, maana mkimbizi hatoki hivihivi, itakuwa na majina kumi. Sisi tuko ishirini na tatu.

Nikajua yamekwisha. Nina miaka arobaini na saba, na hata kabaza, mwendesha baiskeli ya abiria, aliyebeba mbuzi ananipita. Kumbe bado! Léonidas akasema majina hayatachaguliwa kwa mbio, yatachaguliwa kwa tabia. Kuna kanuni za mwenendo na usalama, na Marlène, sekretari wetu, atatuangalia wiki tatu akiandika kwenye daftari lake. Tabia kwanza, mbio baadaye.

Roho yangu ikaruka kuliko sindano. Mbio haziigizwi. Tabia inaigizwa!

Niandike wazi: nakwenda kwa ajili ya medali na hewa safi. Haihusiani na Raïssa. Raïssa ni binti yangu. Anakaa Area 36, hukohuko Lilongwe, anasuka watu nywele, na ni miezi minane hatujaonana. Nilimwambia kusuka si kazi ya mtoto aliyemaliza sekondari. Hakusikia. Nikamwandikia barua mama mwenye saluni, nikatia jina la pasta, kwamba msichana anahitajika nyumbani haraka. Pasta akapita pale saluni siku ileile barua ilipofika. Bahati yangu hiyo. Raïssa akanipigia, akasema baba yake hajawahi kuliendea jambo moja kwa njia iliyonyooka, na siku nitakapokuja kumwona bila ujanja, atanifungulia mlango.

Ernestine anasema niende ofisini, niombe ruhusa ya kumtembelea mtoto, nifike, niseme pole. Kuomba! Baba mzima aombe msamaha kwa mtoto wake, na mhuri wa ofisi juu!

Nakwenda kwa ajili ya medali. Gauni la bluu nimelishona kwa sababu tu kitambaa kilikuwepo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kunakili kanuni. Ziko kwenye kipande cha katoni kilichopigiliwa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, kwa mwandiko wa Marlène, mzuri kama wa shule ya masista.

Ya kwanza imepigiwa mstari mara tatu: tunakimbia tukiimba. Mgeni atacheka. Sisi hatucheki. Mwaka juzi klabu ilipoanza, watu kumi na watano walitoka asubuhi wakikimbia kimyakimya mpaka sokoni. Soko likafunga. Hakuna aliyeuliza, wote wakakimbia. Hapa kila mtu, wa Bujumbura, wa Uvira, wa Bukavu kama mimi, ameshawahi siku moja kuona wenzake wanakimbia, na aliyebaki nyuma kuuliza kuna nini, hatujui alikoishia. Mama mmoja alipatikana njia ya Dowa na mtoto wa jirani mgongoni, wake kamwacha kitandani. Tangu siku ile tunaimba. Mtu anayeimba hakimbizwi.

Nyingine zinafuata mlemle. Kuvaa kitambaa cha manjano. Kutotazama nyuma. Kutobeba mzigo. Kutokimbia peke yako. Kupisha magari na kabaza. Kusalimia wazee. Na wa mwisho haachwi.

Nimezisoma mara mbili. Ni kanuni nzuri sana kwa watu wengine. Mimi nimechagua moja tu ya kunipeleka Lilongwe: kusalimia wazee.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Nilianza vizuri. Kundi likiimba mbele, mimi nikasimama kwa mzee wa kwanza. Salamu kamili. Mikono miwili, magoti chini kidogo. Marlène ameona! Nikasimama kwa wa pili. Kwa mama wa tatu. Nilichosahau ni kwamba wazee wa Burundi hawana salamu fupi. Unaulizwa umeamkaje, mke ameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Sina ng'ombe! Inabidi nijibu wameamka salama.

Kwa mzee wa kumi na moja wimbo siusikii tena. Kwa mzee Gakiza nikaambiwa niingie, kwamba kumkatalia mtu chai ni kumtukana. Mimi mtu wa tabia. Nikaingia.

Kumbe kanuni inasema wa mwisho haachwi. Kundi lilipofika na kunihesabu, sipo. Watu ishirini na mbili wakageuka, wakazunguka kambi nzima mara mbili wakiimba na kuuliza nani amemwona Papa Raïssa. Léonidas njo alinipata, yeye mwenyewe. Kikombe mkononi, kitumbua mdomoni. Hakunigombeza. Alisema ashukuriwe Mungu ni mzima, na akamsalimia Gakiza kwa maneno matano tu, Gakiza akaridhika! Wale wa kwao wana siri.

Marlène ameandika: amechelewesha kundi. Akaandika pia kapiteni amefanya vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaza siku nne. Wazee hawafai. Kinachotakiwa ni usalama. Mtu aliyeokoa maisha ya kapiteni, nani atamwacha kambini?

Nimezungumza na Dany, kijana wa kabaza, ambaye baiskeli yake ina kengele kubwa na breki ya shaka. Jumamosi atashuka ule mteremko wa karibu na bomba la maji, kwa kasi, akipiga kengele. Mimi nitamsukuma Léonidas pembeni. Dany atapita. Watu watapiga kelele. Marlène ataandika. Malipo: nimfupishie suruali mbili.

Nilimuuliza Ernestine, kwa mbali, kama mtu anaweza kuumia akisukumwa kidogo. Aliuliza nataka kumsukuma nani. Mwanamke huyu anasoma ndani ya kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimelala ubavu wa kulia. Wa kushoto haupo tena.

Dany alitokea kwa wakati. Hiyo nampa. Lakini alikuwa na abiria! Anasema mtu akiomba, kabaza hakatai kazi. Mama mnene na kuku wawili. Wakashuka ule mteremko, breki imekataa, kengele inalia kweli, mama analia kweli. Nikapiga kelele, kapiteni hatari! Nikajirusha kwa nguvu zote.

Dakika ileile Léonidas akainama kufunga kamba ya kiatu.

Nilipita juu yake. Nikaingia mfereji wa maji machafu, kichwa kwanza. Baiskeli ikatua juu ya kichaka, mama akatua juu ya Dany, kuku mmoja akatua juu yangu. Ndipo Dany, mbele ya klabu nzima, akainuka na kuuliza kwa sauti kama habari ya suruali bado iko palepale.

Kijana huyu hana hata chembe ya akili.

Aliyenitoa mferejini ni Carelle. Ana miaka ishirini, ndiye mwenye mbio kuliko wote, na amezaliwa hapahapa kambini. Hajawahi kufika Lilongwe hata mara moja. Aliniosha uso bila kucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Aliniomba tu, kwa heshima, Papa Raïssa, tafadhali, tusinyimwe ile karatasi.

Kila mtu hapa ananiita Papa Raïssa. Asubuhi, mchana, sokoni, kanisani. Wanalitaja jina la mtoto wangu mara hamsini kwa siku, na mimi sijui hata leo amekula nini.

Marlène amenipanga nafasi ya ishirini na mbili. Wa ishirini na tatu ameacha klabu, amejiunga na kanisa linalokataza kaptura.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Nsima ya jana, ule ugali wa huku. Ernestine amerudia: si uombe tu ile ruhusa? Nikamwambia asichanganye mambo, mimi ni mwanamichezo.

Cherehani nayo imekufa kabisa. Sindano hairuki tena, haishuki kabisa. Na upindo wa gauni la bluu bado.

Jana Léonidas alisema Jumamosi ijayo ndiyo mtihani wa mwisho, na kwamba yeyote mwenye alama mbaya anaweza kujikomboa akionyesha bidii. Bidii! Basi nitafanya mazoezi ya siri, Jumamosi nitokee nina pumzi kama ya mtoto, wote washangae. Kukimbia peke yako kumekatazwa, najua. Ndiyo maana nasema ya siri.

Na Apollinaire, fundi wa mashine, anakaa mwisho kabisa wa kambi, karibu na barabara. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi na foleni inaanza palepale. Nikiwahi na cherehani begani, nikikimbia, nimemaliza kazi mbili kwa safari moja. Uzito ule utanipa nguvu ya miguu. Nashangaa hakuna aliyefikiria hivi kabla yangu.

Jumatano, 19 Machi

Nianze mwanzo.

Nilitoka kumekucha, jua bado. Kichwa cha cherehani nimekifunga ndani ya kitenge cha Ernestine, nimekiweka begani. Kitambaa cha manjano sikuvaa, nisitambulike. Sikuimba, ilikuwa mazoezi ya siri. Nikaanza kukimbia. Na kwa kuwa Léonidas huamka mapema kupanga maharage yake, kila baada ya nyumba mbili nilitazama nyuma.

Nasoma tena hayo niliyoandika. Mtu wa klabu hakimbii namna hiyo. Lakini wakati ule sikuona. Niliona pumzi yangu nzuri tu, na goti limenyamaza, na mwili unakwenda!

Karibu na msikiti nikasikia hatua nyuma yangu. Nikajua wamenigundua. Nikaongeza mwendo. Hatua zikaongezeka. Nikatazama: watu sita. Nikaongeza tena. Watu kama thelathini! Nikafikiri, kumbe klabu nzima inanifuata kunikamata. Nikakimbia kama sijawahi kukimbia tangu Bukavu. Milango inafunguliwa, milango inafungwa. Mtu akanipita na godoro kichwani. Mama akanipita na watoto watatu na sufuria yenye uji. Mzee Gakiza, yuleyule wa chai, akawa sambamba nami, anavuta mbuzi. Nikamuuliza kwa pumzi ya mwisho kuna nini. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema si weye njo unajua? Wewe njo umetangulia!

Hapo nikaelewa. Hawanikimbizi, wanakimbia kwa sababu nimekimbia mimi.

Nikataka kusimama. Nyuma yangu kulikuwa na mamia, ungesimama ungekanyagwa. Nikapiga kelele kwamba hakuna kitu, rudini, hakuna kitu. Nani alisikia? Mtu anayekimbia na mashine begani anasema hakuna kitu! Tukafika kwa Apollinaire. Alikuwa anafungua duka. Akatuona, akafunga duka, akaungana nasi.

Aliyetuokoa ni Carelle. Alitokea upande wa bomba la maji, kitambaa cha manjano kinapepea, akakata mbele ya watu wote, peke yake, na akaanza kuimba ule wimbo wetu wa Jumamosi. Anaimba na anakimbia taratibu. Taratibu zaidi. Wale wa mbele wakausikia. Mmoja akapunguza. Mmoja akaitikia. Wimbo ukarudi nyuma, mtu kwa mtu, mpaka umati wote ukawa unatembea, halafu umesimama, halafu watu wanatazamana na vyombo vyao mikononi. Wengine walicheka. Wengine walikaa chini palepale barabarani na kulia. Mimi niliteremsha cherehani, nikasimama nyuma yake kana kwamba ningeweza kujificha.

Léonidas alikuja, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akaniambia basi tuwahesabu watu.

Saa nne kila mtu alikuwa amepatikana. Isipokuwa Koko Kankindi.

Koko, yaani bibi, ni jirani yetu, mama mzee wa Burundi, ukuta wake na wetu ni mmoja. Hana mtu. Mlango wake ulikuwa wazi na sufuria yake haipo. Tukagawana njia. Carelle alichukua ya sokoni. Mimi nikachukua ya mashamba, na mahindi wakati huu yamemzidi mtu urefu. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Saa tano, saa sita, saa nane. Niliwaza nyoka. Niliwaza kisima. Niliwaza nitamwambiaje Ernestine, na nitaulizwa nini kwenye mazishi. Niliogopa, naandika hivyohivyo, niliogopa kuliko siku tuliyotoka Bukavu, kwa sababu siku ile kosa halikuwa langu.

Saa tisa bwana mmoja Mmalawi, mwenye shamba, akanipungia mkono. Alisema kwake kuna agogo, yaani bibi, amekaa katikati ya mahindi na anakataa kutoka, hata maji anakataa. Nikamshukuru kwa lugha yao, zikomo, zikomo, bambo, mpaka akaniambia inatosha.

Alikuwa amekaa juu ya sufuria yake aliyoipindua. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, nisifanye kelele. Nikachutama. Nikamwambia kwamba hakuna anayekuja. Akauliza nani amesema. Nikamwambia ni mimi nilikimbia, Koko, nilikuwa napeleka mashine kwa fundi. Akauliza: na hukuimba?

Nikatikisa kichwa. Yeye akasema taratibu, bila hasira, kwamba maishani mwake amekimbia mara nne ukihesabu na leo, na kwamba mara tatu zile hakuna aliyerudi kumwambia imekwisha. Ilibidi akisie mwenyewe.

Nililia. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika: nililia kama mtoto, na Koko akanipangusa kwa kona ya kitenge.

Nilimbeba mgongoni, yeye akabeba sufuria. Alikataa tuondoke mpaka niimbe. Nikaimba njia nzima kwa sauti iliyokauka. Kila nikinyamaza alinigonga na sufuria begani.

Alhamisi, 20 Machi

Kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Amri ya klabu. Nyumba sitini na nane. Léonidas amenisindikiza zote na hakuniambia neno moja baya. Mtu huyu anajua kutesa.

Gakiza alisema mbuzi wake ameacha kula. Apollinaire alisema cherehani yangu ataitazama siku ambayo yeye mwenyewe atataka. Mama mmoja alinishukuru! Anasema katika ile mbio ameona kwa macho yake mumewe amechukua redio kabla ya kuchukua watoto, na anataka nije nishuhudie mbele ya wakwe. Nimemwambia nitamjibu.

Kwa Carelle sikupewa hata kiti. Alisema tu kama kesho ofisi itakataa kutoa karatasi, yeye atajua ni nani. Nikarudi nyumbani nimepinda.

Ijumaa, 21 Machi

Mkutano wa klabu. Karatasi haikukataliwa! Bwana wa ofisi alisema amesikia wimbo umetuliza umati, na klabu yenye kanuni kama hiyo inafaa kwenda. Carelle aliruka juu, akamkumbatia Marlène, daftari likaanguka. Mtihani wa kesho umefutwa, watu wamekimbia vya kutosha wiki hii.

Marlène akasoma majina. Carelle wa kwanza. Nikahesabu kwenye vidole chini ya benchi. Yalifika tisa. Langu halimo, na sikulitegemea. Nilitazama viatu vyangu.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Koko Kankindi na fimbo. Hakuna aliyemwita. Alisema yeye si wa klabu, lakini watu wote walimkimbia na mmoja akarudi, na huyo aliyerudi ndiye mkosaji mwenyewe, na yeye anaona mtu wa namna hiyo afundishwe kazi, asifungiwe ndani. Akakaa.

Léonidas alifikiri. Akasema jina la kumi ni la mtu wa mkia. Huyu hukimbia nyuma ya wote, hampiti yeyote, haachi wa mwisho, na hapati medali hata wakigawa. Kazi ya kuchosha. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeinua mikono miwili.

Ernestine amelia kidogo aliposikia. Halafu akauliza sasa ndipo nitampigia mtoto nimwambie nakuja? Nikamwambia tusiharakishe mambo. Upindo wa gauni nimeumaliza kwa mkono.

Jumamosi, 29 Machi

Lilongwe! Miguu yangu si yangu.

City Centre ni mabenki, bendera za balozi na majani yaliyokatwa vizuri hata unaogopa kukanyaga. Watu wa mji wamevaa viatu vya rangi zote. Sisi kumi na vitambaa vya manjano nilivyoshona mwenyewe. Filimbi ikapigwa. Carelle akaondoka, na sikumwona tena mpaka mwisho, ambapo alikuwa wa tatu kati ya wanawake wote na hawezi kusema neno, anacheka tu.

Mimi mkia. Nilijiuliza wa mwisho atakuwa nani. Nilitegemea Jules, mpiga ngoma wa kanisa, ana tumbo. Kumbe Jules ana mapafu! Kilomita ya nne Léonidas akashika paja na kupiga yowe. Msuli umekaza. Wote wakapita. Wamama wa ofisi wakapita. Mzee mwenye fimbo akapita. Tukabaki wawili, mimi na yule nisiyempenda.

Aliniambia nitangulie. Naapa alisema mwenyewe! Nikatangulia hatua kama ishirini. Halafu nikasikia begani pale sufuria iliponigonga, bado panauma. Nikarudi. Nikaweka mkono wake shingoni mwangu, tukaenda kama watu waliofungwa kamba. Akaanza kuimba. Nikaitikia. Mlinzi wa benki akatupigia makofi.

Karibu na maduka makubwa, mita mia za mwisho, nikamwona. Raïssa. Amesimama kando ya Marlène, nywele zimesukwa vizuri ajabu, kazi ya mikono yake. Ernestine alikuwa amempigia simu. Mke wangu huyu! Nami nilivyotaka anione: wa mwisho kabisa, jasho, suruali imepasuka, nimebeba mpinzani wangu, naimba nje ya sauti.

Alicheka mpaka akainama. Halafu alikuwa anafuta macho, na sijui kama ni kicheko. Akauliza: Papa, huu nao ni ujanja gani? Nikamwapia hakuna. Hakuamini. Léonidas, palepale chini anakandwa mguu, akamwambia kweli hakuna, baba yako amenileta. Huyo hasemi uongo, kila mtu anajua. Raïssa akaamini.

Gauni nilikuwa nalo chini ya shati tangu kilomita ya kwanza. Limelowa. Marlène ameandika: amebeba mzigo. Raïssa akalivaa juu ya nguo zake, mbele ya watu, na likakataa kiunoni. Nilishona kwa vipimo vya mwaka jana. Nikatoa futi yangu mfukoni, nikampima palepale kando ya barabara. Ameongezeka sentimita nne. Anakula, basi. Yuko salama.

Nilitaka kusema pole. Nikasema kiuno nitaongeza.

Akasema sawa, Papa. Akasema nikimaliza nimletee, Area 36, nyuma ya saluni, mlango wa kijani. Niende tu ofisini niombe ruhusa, niseme nakuja kumwona mtoto. Basi. Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono hadi gari lilipopiga honi.

Jumapili, 30 Machi

Nimelala mpaka saa tatu, sikwenda ibada. Furaha inachosha kuliko mbio.

Gauni liko mezani. Ernestine amepiga pasi koti langu kwa ajili ya kesho ofisini. Anasema ni maneno manne tu: naomba kumwona binti yangu. Amenifanya niyarudie. Nimeyarudia. Nimemwambia hakuna tatizo, kesho.

Lakini nimefikiri. Mtu akiingia ofisini anaulizwa sababu. Akitaja binti, ataulizwa kwa nini miezi minane hukwenda. Inabidi uanze kueleza barua, pasta, saluni. Ya nini yote hayo? Kumbe Jules amesema leo kwamba kwaya inaalikwa Lilongwe wakati wa Pasaka, na karatasi yao ina majina ishirini! Ishirini! Na mimi jana nimeimba kilomita sita mbele ya mabenki, watu wamepiga makofi. Ernestine anasema mlinzi alipiga makofi kwa huruma. Yeye hakuwepo.

Mazoezi ya kwaya ni kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Kiongozi wao anapenda watu wanaowahi. Apollinaire naye amekubali hatimaye kuitazama cherehani, ila niifikishe kabla hajafungua, na bila cherehani hakuna kiuno. Kwake na kwenye kwaya ni njia moja.

Kwa hiyo nitatoka kumekucha, Ernestine akiwa bado amelala. Mashine begani, ndani ya kitenge. Wimbo nitautunza, sauti isichoke kabla ya mazoezi. Nikikimbia kidogo tu, kimyakimya, na nikitazama nyuma mara mojamoja, hakuna atakayeniona.